Jiwe Nililolisahaulisha

Nkoma, Mbale
Jioni, kabla hujarudi

Wamimbi, mwanangu,

Soksi, pasipoti, dawa, nani wa kumpigia simu ukifika, hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka majirani wameyajua kwa moyo. Mimi sina mdomo wa hayo. Nimekaa kwenye meza yako, kwenye kiti chako chenye mguu mbovu, naandika haraka kwa sababu umekwenda mjini kuwaaga wenzako na najua ukiingia tu nitaanza kukuuliza kama umekula. Utasema ndiyo. Kesho alfajiri utapanda basi, na hivyo ndivyo tutakavyokuwa tumeagana, sisi watu wawili tuliosoma fizikia yote ile tukashindwa kusema sentensi moja.

Sentensi yenyewe ni hii. Ni mimi niliyeligusa jiwe la Budondo kwa sumaku. Si wewe.

Haya, imetoka. Nimeificha miaka miwili. Nilidhani nikiiandika nitapata nafuu, kumbe yote mengine nayo yanataka kuandikwa. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha chuo, kwa sababu Kiingereza ndicho nilichokisemea uongo. Kiswahili ndicho nilichokulelea.

Najua unajua. Hilo ndilo linaloniua. Ulikuwa umesimama mlangoni kwa Jaja Nangobi, yule bibi mwenye jiwe, siku ile, umeshika boksi la mbao ulilolitengeneza mwenyewe kwa gundi tu, bila msumari hata mmoja, ili chuma kisilikaribie jiwe. Bila msumari! Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikumbuka msumari, na profesa wake, mama yake mzazi, akaenda na sumaku ndani ya mkoba wake.

Acha nilisimulie lilivyokuwa. Ulikuwepo, lakini katika barua zangu zote za kiofisi nimelipindapinda, na nataka iwepo karatasi moja duniani yenye ukweli.

Jiwe lilianguka mchana kweupe, kwenye muhogo wa Jaja, huko Budondo nje ya Jinja. Watu walisikia mshindo wakadhani vita imerudi. Yule bibi mjane akaenda na jembe lake, akalitazama, akalifunga kwa maganda ya mgomba akaliweka chini ya kitanda. Waliponipigia simu, nilikaa chini sakafuni maabara. Miaka yote nilikuwa nafundisha asteroidi kwa picha za kuchapisha, nikiwaambia watoto wa watu kwamba yale ni mawe yaliyobaki sayari zilipokuwa zinaumbwa, na kwamba ndani yake mna chembe za chuma na nikeli ndogo kuliko vumbi. Kila chembe ilipopoa, ilielekea upande ambao nguvu ya sumaku ilikuwa imeelekea siku ile, ikabaki hivyo hivyo mpaka leo. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya jiwe. Hakuna mzee duniani mwenye kumbukumbu ndefu namna hiyo.

Na kazi yangu mimi ilikuwa ipi? Kutengeneza chembe kama hizo hapa Mbale, kwenye maabara inayokatikiwa umeme, ili nijue zinashikaje kumbukumbu na zinaipotezaje. Kila muhula nilisimama ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: KIMONDO HAKIGUSWI KWA SUMAKU. Wewe ulinakili. Bado unalo hilo daftari, nimeliona hapa kwenye rafu.

Basi tukafika kwa Jaja. Umati umejaa uani mpaka juu ya ukuta. Mwenyekiti wa kijiji, amevaa koti la suti na ndara, akasimama kati yangu na jiwe. "Profesa," akasema, "wewe nasema hii jiwe natoka juu. Sisi nataka kuona kwa macho." Nyuma kule mtu akasema, "Huyu mama anataka kubeba dhahabu ya Jaja." Wakacheka. Mwingine akauliza, kwa sauti, "Kumbe profesa mwenyewe ni mwanamke?"

Damu ikanipanda. Ningeweza kueleza taratibu. Ningeweza kutumia dira ndogo kwa mbali, kama ninavyowafundisha ninyi. Nikaingiza mkono mkobani nikatoa ile sumaku. Unaijua. Uliing'oa kwenye kompyuta iliyokufa ukiwa na miaka kumi na miwili, ukanifungia ndani ya soksi ukaniletea jikoni, "Mama, hii ina nguvu kuliko zako." Tangu siku hiyo haikutoka mkobani. Tulikwenda nayo kwa mafundi wa kuchomelea wa mjini kukusanya unga wa chuma wa kufundishia, na wao walikuwa wakikuita Profesa Mdogo.

Niliiweka kwenye jiwe. Ta! Ikashika. Watu wakapiga vigelegele, mwenyekiti akavua kofia, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nililiinua juu nikawaonyesha, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha nikageuka nikakuona mlangoni. Ulifungua boksi tu. Na unajua nilikwambia nini? Nilikwambia, "Weka vizuri, usilitikise." Jamani! Nimeshaliua jiwe la watu, nimelifuta kumbukumbu yote kwa mguso mmoja, halafu namfundisha mwanangu adabu ya kulibeba.

Pale pale, Wamimbi. Kama ningesema pale pale, mbele ya mwenyekiti na koti lake, "Jamani, nimekosea, nimeharibu," wangenicheka, ningerudi Mbale na aibu yangu, na tungekuwa tumepoteza jiwe peke yake. Ndiyo hekima yote niliyo nayo, na nimeilipia vibaya mno. Kosa lina dakika yake ya kusemwa. Ukiipita, linaanza kutafuta mtu wa kulibeba.

Likakupata wewe. Tulipeleka vipande kwa wale wenzangu wa ng'ambo, wale wale waliokuahidi nafasi ya kusoma kwao. Baada ya miezi wakaandika: usumaku wa jiwe ni mkubwa mno, umeelekea upande mmoja, inaonekana mtu aliligusa kwa sumaku ya mkononi. Nani alilishika? Swali la adabu tu, wala hawakufoka. Nilikaa na swali hilo siku tatu. Ya nne nikajibu kwamba mwanafunzi aliyelibeba alikuwa bado hana uzoefu.

Nilijivunia hata huo uandishi wangu, unasikia? Sikutaja jina, sikutaja sumaku. Nilijiambia, si uongo kamili. Lakini mwanafunzi aliyelibeba alikuwa mmoja duniani, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya boksi.

Walipoifuta nafasi yako, ulisoma barua yao umesimama jikoni. Uliinua macho ukanitazama. Ukasema, "Sawa, mama." Ukaosha kikombe chako, ukakifudikiza, ukatoka. Asubuhi yake koti lako la maabara halikuwepo pale linapotundikwa.

Niliungoja ugomvi. Kila siku niliungoja. Ungevunja sahani, ungeniita mwongo, ningelia, ningekiri, yangekwisha. Wewe ukanyamaza, na mimi nikautumia ukimya wako kujificha. Nilijiambia kijana ni kijana, atapata nafasi nyingine. Nilijiambia mimi ni mwanamke wa kwanza kwenye idara ile, nikianguka mimi wasichana wote walio nyuma yangu wamefungiwa. Maneno mazuri hayo, yangefaa mahubiri. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli niliuona mwepesi, kwa kuwa haukuwa mgongoni kwangu.

Uliwahi kuniuliza kwa nini mjomba wako Okot haji Krismasi. Nilikudanganya kwamba Mbale ni mbali. Sikiliza.

Unajua nilikulia Jinja, kwenye nyumba za askari magereza. Babu yako, Afande Okello, alitoka kaskazini na kila mtu pale alitoka kwao, kwa hiyo sote tulisema Kiswahili. Watoto wa mjini wakitusikia walikimbia, maana wazazi wao walikijua kama lugha ya bunduki. Ndani ya nyumba yetu nasi tulikiogopa, kikisemwa na baba. Kwake kosa likiingia ndani lilikuwa lazima litoke na mtu. Siku moja nilivunja kioo cha taa ya kandili. Baba akarudi, akasimama katikati ya chumba na buti zake. "Nani navunja taa?"

Nilimtazama Okot tu. Alikuwa na miaka sita. Baba akayafuata macho yangu.

Sitaeleza fimbo. Miaka mingi baadaye, kwenye mazishi ya baba huyo huyo, nilimwomba Okot msamaha. Akaniambia, "Dada, fimbo nilizisahau zamani. Kilichobaki ni ulivyonitazama." Akaenda kusaidia kufukia kaburi. Nami nikarudi Mbale, nikapewa uprofesa, na siku swali la jiwe lilipokuja nikafanya kitu kile kile nilichofanya nikiwa na miaka tisa. Safari hii nilitumia barua pepe.

Mwaka wa imbalu yako, ulipotahiriwa mbele ya watu, nilisimama nyuma na wanawake, mgeni kwa mila za Wagisu wa baba yako, unga wa mtama umekujaa usoni, kisu kinakuja, na wewe hukupepesa jicho. Baba yako, marehemu, alilia kwa furaha. Nami nilifikiri, ujasiri huu ameutoa kwa ukoo wa baba, kwangu hakuna wa namna hiyo. Nilidhani nafanya mzaha. Mtoto alisimama mbele ya kisu, mama yake akapepesa kwa swali la mstari mmoja.

Na sasa unakwenda nchi za Ghuba kulinda mlango wa duka la watu. Siidharau kazi hiyo. Babu yako alilinda milango maisha yake yote, na posho niliyokula ilitoka kwenye milango hiyo. Lakini wewe huendi kwa sababu unaipenda. Unakwenda kwa sababu mama yako alikufungia njia yako, na unaona afadhali jua la huko kuliko kukaa meza moja na mimi. Huo ndio ukweli, au siyo? Ningekuwa wewe ningekwenda mbali zaidi.

Jana nilikwambia nina mkutano Jinja. Uongo tena, naomba uwe wa mwisho. Nilikwenda Budondo. Nilimwahidi Jaja kwamba nitarudi kumwambia jiwe lake limeona nini huko juu, na miaka miwili nilikuwa nakwepa hata kupita barabara ile. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikapiga magoti kama wanawake wa pale wanavyosalimu wakubwa, nikasema yote kwa Kisoga changu kibovu cha utotoni. Jiwe lilikuwa na kumbukumbu. Nimeifuta. Nikamsingizia mwanangu.

Hakuacha kumenya. Akasema, "Huyo kijana alikuja."

Nikauliza, "Kijana gani?"

"Mwanao. Msimu wa mahindi. Alikuja peke yake, akakaa hapo hapo ulipo, akaniambia yeye ndiye aliyeliharibu jiwe langu. Nikamuuliza, ulilifanya nini? Akasema, niliweka sumaku." Jaja akaweka kisu chini. "Nikamwambia, mjukuu wangu, mimi ni mzee, si kipofu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka huu huu. Mkono ulioweka kile kitu ulikuwa na bangili."

Akaniambia ulilia mpaka kuku wakatawanyika. Kisha ukamwomba asiniaibishe kwa watu.

Wee Wamimbi! Nani alikutuma? Huko Budondo hakuna aliyekuuliza, hakuna aliyekushtaki, ungeweza kukaa kimya tu, na bado ulisafiri njia yote hiyo kwenda kunibebea! Nilitaka kukukasirikia. Nilikaa kwenye ule udongo nikalia kama mtoto, profesa mzima, na Jaja akaniacha nilie mpaka akamaliza muhogo wake.

Halafu akainuka akaingia chumbani, akatoka na kibuyu cha mbegu za karanga. Akaingiza mkono, akatoa kifurushi cha ganda la mgomba, kidogo kama yai la kuku. Siku ile ya mshindo kipande kingine kilianguka nyuma ya jiko lake. Alikiona kesho yake asubuhi.

"Kumbe!" nikasema. "Mbona hukutuonyesha?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Mbegu hutoi zote. Hata mgeni akija na gari zuri namna gani, ya kupanda unabakiza."

Nikaanza kumhoji kama polisi. Kuna jembe lililokaribia? Panga? Redio? Moto? Akacheka meno yote matatu. Kimekaa kwenye kibuyu chumbani, mbali na jiko, na huko anakolala hakuna chuma kwa sababu hata kitanda chake ni cha miti. Miaka miwili, Wamimbi, bibi asiyejua kusoma amelihifadhi jiwe vizuri kuliko maabara yangu.

Nikanyoosha mkono. Akauondoa. "Si lako. Ni la kijana. Wewe utambebea tu."

Nilivua bangili, saa, hereni, nikaviacha kwake. Simu nikaizima nikaifunga kwenye mzigo uliopanda juu ya basi. Kondakta akanipa kiti kizuri chini ya spika, nikakikataa, kwa kuwa ndani ya spika mna sumaku, na nikasimama na kibuyu kifuani mpaka Iganga. Watu walidhani nimebeba dawa ya mganga.

Leo asubuhi nimewaandikia wale wa ng'ambo, na nakala kwa mkuu wa chuo chetu. Nimeandika: mwanafunzi wangu hakuligusa jiwe kwa sumaku, niliyeligusa ni mimi, mbele ya watu, kwa majivuno, kisha nikaficha, kisha nikamwacha yeye alipie. Nimewaambia pia lipo jiwe jingine ambalo halijaguswa, na mwenyewe ni Wamimbi, wasiniulize mimi, wamuulize yeye. Mpaka saa hii hawajajibu. Kila simu ikilia naikimbilia. Labda chuo kitanitoa. Labda watasema, mnaona, tulisema mwanamke. Waseme. Labda nafasi yako imeshapewa mtu mwingine na nimechelewa kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki, na chembe zikishageuzwa hazikumbuki tena zilikotazama. Hakuna anayelijua hilo kuliko mimi.

Nilitaka kuandika hapa kwamba sikuombi ubaki. Nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeikata, uniwie radhi kwa karatasi chafu. Uongo umenichosha. Nakuomba ubaki. Nakuomba kwa magoti, wiki moja tu, mpaka wajibu. Na kama huwezi, kama huwezi kulala usiku mmoja zaidi chini ya paa hili, basi nenda, lakini mzigo wangu uache hapa nyumbani. Huko uendako mtu akikuuliza kwa nini uliacha fizikia, mwambie mama yangu aliharibu jiwe akasema ni mimi. Liseme hivyo hivyo, mbele ya yeyote. Usinistiri tena. Unavyonistiri ndivyo ninavyozidi kuoza.

Boksi lako nimelikuta chini ya kitanda, umelifunika kwa koti la maabara. Kwa hiyo hukulitupa. Sijui kama nina haki ya kufurahi, lakini nimefurahi. Kibuyu nimekiweka humo. Kifurushi kimo ndani ya karanga, kama alivyokifunga Jaja. Jiwe sijaligusa, wala sijakifungua kulitazama.

Mbwa wa jirani wanabweka, nadhani ni wewe. Nitakuuliza kama umekula, unanijua. Barua hii naiacha juu ya boksi. Ukishaisoma, njoo jikoni. Safari hii usiniambie "sawa, mama." Nigombeze.

Mama yako